Mbao za Bibi Eustakia

Katika senta yetu ya Murubanga hapakuwa na fundi seremala mwingine wa kike zaidi ya Kezia, na yeye ndiye aliyetengeneza majeneza ya watu wasio na wenyewe.

Alizaliwa kwa Warundi waliovuka mpaka zamani wakabaki kulima huku kwetu. Akaolewa na Alfonce, Mhangaza, mtoto wa pekee wa Bibi Eustakia. Alfonce alikuwa seremala. Kezia alianza kwa kumshikia ubao akikata, akaishia kupiga randa vizuri kuliko yeye, na Alfonce mwenyewe alikuwa akilisema hilo mbele ya wateja. Figo zilipomuua Alfonce, watu walidhani karakana itafungwa. Kezia alimaliza matanga, akafungua mlango Jumatatu. Mimi nashona nguo upande wa pili wa ukuta wake, kwa hiyo nilisikia msumeno ukianza.

Kazi ya halmashauri aliirithi pamoja na vifaa. Sitaitaja halmashauri yenyewe, maana waliomo bado wako kazini. Mtu akifia barabarani au stendi na ndugu wasipopatikana, hukaa mochwari kwa muda, kisha afisa ustawi wa jamii hutafuta jeneza, wachimba kaburi na mtu wa kusali. Afisa wa wakati huo aliitwa Frednand, kijana mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Hapakuwa na mkataba. Alipiga simu tu, "Mama Ineza, kuna kazi," na Kezia akajua.

Enzi za Alfonce malipo yalikuwa fedha mkononi. Siku hizi kila kitu kinapita kwenye mfumo. Uwe na namba ya mlipakodi, uwe na akaunti ya benki, upeleke hati ya madai, upeleke na risiti ya mashine. Kezia alivitafuta vyote akavipata. Kilichokosekana ni fedha yenyewe. Mwaka ninaousimulia, alikuwa amekwisha kutengeneza majeneza mawili, la mzee aliyekutwa amekufa kwenye benchi la stendi, na la mwanaume aliyeopolewa mto Ruvubu, na hakuna hata moja lililolipwa.

Mvua za masika zilipoanza kuchanganya, Fuso lililobeba magunia ya maharage na watu juu yake lilipinduka kwenye kona ya mlima. Waliokufa walitambuliwa na ndugu zao, isipokuwa mmoja, msichana. Hakuwa na simu wala kitambulisho. Dereva alisema alimpakia njiani, msichana alipunga mkono tu. Tangazo likapelekwa makanisani, likapelekwa mpaka Kabanga ili wanaovuka kwenda Burundi walisikie na kulifikisha ng'ambo. Hakuja mtu. Umeme wa mochwari nao ulikuwa wa kubahatisha.

Frednand akapiga simu. "Mama Ineza, kuna kazi. Haiwezi kusubiri."

"Afisa, sina ubao hata mmoja," Kezia alimjibu. "Shilinde amekataa kunikopesha."

Shilinde alikuwa Msukuma aliyetuletea mbao kutoka upande wa Kaniha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemkopesha mbao za yale majeneza mawili, na yeye pia alikuwa na watu wanaomdai.

"Nakuomba," Frednand akasema. "Nikikosa jeneza nitamzika ndani ya turubai. Hii ya sasa nitaifuatilia mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha utakuwa umelipwa."

Kezia alienda mochwari kumpima. Alinieleza baadaye kwamba alipofunua shuka kitu cha kwanza alichoona ni nywele. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa upya, mistari myembamba iliyonyooka, na upande wa pili ulikuwa nywele za zamani zilizofumuliwa na kuachwa wazi. Mtu alikuwa amemkalisha mahali akaanza kumsuka, na kabla hajamaliza msichana akainuka akaenda kudandia lori. Kezia akampima kwa kamba. Urefu ulikuwa ule ule wa binti yake Ineza, aliyekuwa shule ya bweni.

Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe wake.

Juu ya moto wa Bibi Eustakia kulikuwa na uchaga, na juu ya uchaga kulikuwa na mbao za mninga. Mti wenyewe ulisimama mpakani mwa shamba lao. Marehemu mume wake aliupasua, alipokufa akatengenezewa jeneza kwa nusu ya mbao, na nusu ikapandishwa pale ikimsubiri mkewe. Zilikaa kwenye moshi miaka mingi mpaka zikawa nyeusi kama masizi kwa nje, na ukizikwangua nyekundu kama nyama kwa ndani. Wazee wa kwetu hawaoni ajabu kulala chini ya jeneza lao. Bibi alikuwa akiziangalia anapokoroga uji, kama mtu anayeangalia nguo yake ya Krismasi imetundikwa.

Kezia alipiga magoti, akaeleza. Bibi Eustakia alisikiliza mpaka mwisho.

"Ana miaka mingapi?"

"Ni kama Ineza, Mama."

"Chukua," Bibi akasema. "Lakini analala kwenye kitu changu. Wakikulipa, urudishe mbao uchagani kabla sijazihitaji. Nisije nikamfuata huko nikamwambia asogee."

Jeneza likatengenezwa mchana ule ule. Nilisaidia kushikilia kifuniko, na harufu ya moshi ilitoka kwenye mninga kila randa ilipopita. Tulimzika kwenye kiwanja cha halmashauri nyuma ya miti ya mikaratusi. Katekista Fideli alisali. Wachimba kaburi Frednand aliwalipa kutoka mfukoni mwake, nilimwona akihesabu huku ametugeuzia mgongo. Msalaba uliandikwa kama ilivyoandikwa mingine miwili pembeni yake: Hajulikani.

Mwezi uliisha. Mwingine ukaisha.

Sijui nianzie wapi kusimulia yaliyofuata jikoni kwa Bibi Eustakia, kwa sababu hayakuanza kwa kishindo. Siku moja Kezia alimpelekea chakula cha mchana akakuta kigoda cha pili kimesogezwa karibu na moto.

"Kuna mgeni, Mama?"

"Ametoka sasa hivi. Yule binti."

Kezia alidhani anamsema mtoto wa jirani. Siku nyingine akakuta bakuli mbili. Siku nyingine Bibi akamwambia apite upande wa pili, asimkanyage mtu. Ilikuwa saa saba mchana, jua likimwagika mlangoni, kuku wanachakura uani. Hapakuwa na kitu kwenye kigoda. Ila Kezia aliniapia kwamba moshi wa jiko, uliozoea kutoka moja kwa moja mlangoni, siku ile ulikuwa unakizunguka kigoda kabla ya kutoka.

"Anataka nini?" Kezia akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha kwa kuwa imeuliza.

"Hataki kitu. Anaangalia juu, hapo palipokuwa na mbao. Kisha ananiangalia mimi. Anaona haya, mwanangu. Ni mtoto aliyelelewa. Anajua kwamba amelalia kitu cha watu na hakijalipiwa."

Tangu hapo Kezia hakuwa Kezia yule. Alinawa mikono kwa sabuni ya mche, akanawa tena, akaninyooshea viganja. "Hebu nusa. Bado ni moshi?" Mimi nilisikia sabuni tu. Alianza kugeuka nyuma akiwa anapiga msasa, ghafla, kama mtu aliyeitwa. Mlango wa mteja aliukosea vipimo, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Akawa anakwenda halmashauri. Mara ya kwanza aliambiwa fungu halijaingia. Mara nyingine mfumo haufunguki. Mara nyingine mwenye kusaini yuko semina Dodoma. Julai ilipoingia akaambiwa mwaka wa fedha umefungwa, deni lake sasa litaingia kwenye madeni yanayosubiri kuhakikiwa. Hakuna aliyemkaripia. Walimpa kiti, walimwita mama, wakamwomba awe mvumilivu. Alirudi kila safari akiwa amechoka kuliko mtu aliyetukanwa.

Siku moja mhasibu, jina lake Aron, akamwita kwa furaha. "Mama, limelipwa dai lako moja."

"Moja? Yako matatu."

Aron akageuza kompyuta amwonyeshe. "Ndiyo tatizo lilipo. Yote matatu yanasema jeneza moja, bei ile ile, fundi yule yule. Na marehemu, Hajulikani, Hajulikani, Hajulikani. Mkaguzi wa ndani ameona ni dai moja limeletwa mara tatu. Amepitisha moja, mawili amerudisha."

"Ni la nani lililolipwa?"

"Lako, mama."

"Nauliza marehemu. Ni yupi?"

Aron alimtazama, akaangalia kompyuta, akamtazama tena. "Hapa hapasemi."

Fedha ile ilienda kwa Shilinde yote, na bado hakumaliza deni lake. Lakini Bibi Eustakia aliposikia aliuliza swali lile lile. Ni la nani? Kezia akasema hata kompyuta haijui. Bibi akageukia kigoda akazungumza Kihangaza, pole pole, na Kezia ambaye Kirundi chake hakiko mbali na Kihangaza alielewa kila neno. Alikuwa anamwomba msichana radhi kwamba hawajui kama ni yeye.

Agosti Bibi akaanza kuvimba miguu. Daktari alisema moyo. Akawa hatoki jikoni, analala pale pale pembeni ya moto, na kila aliyeingia kumjulia hali aliombwa asikalie kigoda cha pili. Watu wakaanza kupunguza kuja. Mimi nilikuwa naenda, lakini nakiri nilisalimia nikiwa mlangoni.

Ndipo Frednand akapiga simu tena. "Mama Ineza, kuna kazi."

Kezia alikata simu. Alivua aproni, akapanda bodaboda, akaingia ofisini kwake akiwa na vumbi la mbao kichwani. Kulikuwa na watu wamepanga foleni, wazee na akina mama wenye watoto. Nilisimuliwa na mmoja wao.

"Afisa, sitengenezi," akasema.

"Mama, tafadhali tuzungumze nje."

"Yule binti wa Fuso haachi kuja nyumbani kwetu. Anakaa na mama mkwe wangu kila mchana. Mama anaumwa, hana jeneza, na anaogopa kufa kwa sababu atakutana naye. Mimi nimechoka kumweleza. Njoo wewe umwambie kwamba mwaka wa fedha umefungwa."

Frednand alifunga faili lililokuwa mbele yake. Watu walitegemea acheke, au amwite mlinzi. Akasema, "Nitakuja kesho."

Na kweli alikuja, saa saba mchana. Nilimwona akipita dirishani kwangu na sweta lake, nikaacha cherehani nikafuata, nikasimama uani pamoja na Kezia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe wa serikali?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuomba msamaha. Malipo ya mkamwana wako yamechelewa. Sisi kule ofisini tunajitahidi, ila..."

"Usiniambie mimi," Bibi akamkatiza, akanyoosha kidole. "Mwambie yeye."

Frednand alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyesoma anayemheshimu mgonjwa. Akageukia kigoda. Akafungua mdomo. Kisha tabasamu likaondoka lenyewe.

Sijui aliona nini. Nilimuuliza Kezia, naye hajui. Tulichoona sisi ni mgongo wake ukiinama taratibu mpaka akapiga goti moja kwenye majivu.

"Ni mimi niliyekupokea mochwari," akakiambia kigoda. "Ni mimi niliyekufumba macho. Niliandika kwamba hujulikani kwa sababu fomu ina nafasi ndogo. Lakini nilikuona. Ulikuwa na mwanya. Ulikuwa umesukwa upande mmoja. Kila siku najiuliza nani alikuwa anakusuka, na kama amebaki anakungoja urudi amalizie."

Bibi Eustakia alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kama anayesikiliza mazungumzo ya pande zote mbili.

"Jina lako silijui," Frednand akamaliza. "Nisamehe."

Alipotoka alikuwa na majivu kwenye goti na hakuyapangusa. Pale uani alimwomba Kezia hati zake za madai, zile mbili zilizorudishwa na nakala ya ile iliyolipwa. Wakakaa kwenye benchi la karakana, mimi nikiwaona, wakaziandika upya. Ya kwanza waliandika: mzee aliyefia stendi akiwa na redio mkononi. Ya pili: mwanaume wa mto Ruvubu, mrefu, kidole kimoja cha mguu hakipo. Na ya tatu Frednand aliiandika mwenyewe: binti mwenye mwanya, aliyesukwa upande mmoja.

"Moja kati ya hizi si imelipwa?" Kezia akauliza.

"Hatujui iliyolipwa ni ipi. Nitazipeleka zote tatu, waseme wao."

Aron aligoma. Alisema hayo si maelezo ya kihasibu. Frednand alikaa kwenye kiti mbele yake tangu asubuhi mpaka ofisi inafungwa, akarudi kesho yake akakaa tena. Mkaguzi alipoitwa alizisoma, akauliza msalaba wa huyu binti uko wapi. Akapelekwa nyuma ya mikaratusi, akaihesabu misalaba yote mitatu. Aliporudi alisaini yale madai mawili yaliyobaki.

Fedha ikaingia Oktoba, ikiwa imekatwa kodi. Bei ya mninga ilikuwa imepanda na kibali chake kigumu, kwa hiyo Kezia alinunua msindano, mbao nyeupe zenye vifundo. Alizipandisha uchagani mwenyewe huku Bibi akimtazama kutoka kwenye mkeka.

"Zinanuka dukani," Bibi akasema.

"Zitashika moshi, Mama."

"Sina muda huo. Lakini umerudisha. Ahsante, mwanangu."

"Na yeye? Bado anakuja?"

Bibi akatazama mlangoni. "Siku hizi hakai. Anasimama mlangoni tu, kama mtu anayesubiri gari."

Bibi Eustakia alifariki Januari, mchana, uji ukiwa bado jikoni. Kezia alimtengenezea jeneza kwa msindano ule na hakumruhusu mtu kumsaidia. Ineza alirudi kutoka shuleni kwa mazishi. Nywele zake zilikuwa zimefumuka njiani, na kabla ya kwenda makaburini Kezia alimkalisha chini, akamsuka kichwa chote kwa haraka, watu wakisubiri na padri akiangalia saa. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Frednand amehamishiwa wilaya nyingine. Kwa Kezia hakuonekana mgeni tena, ila jikoni pale hapapiki mtu. Amejenga jiko jingine upande wa barabara. Sitaki kudanganya kwamba ni kwa sababu ya nafasi.

Wiki iliyopita simu yake ililia nikiwa nimekaa karakana nasubiri meza yangu ya kukatia nguo. Akaweka sauti ya nje ili mikono iendelee na kazi.

"Mama Ineza. Ni mimi, Frednand."

Wakasalimiana. Akauliza habari za Ineza. Tulisikia pikipiki zinapita huko aliko.

"Mama, kwako kumetulia?"

"Kumetulia. Na kwako?"

"Nikipita saluni nikaona mtu amesukwa upande mmoja, nasimama. Nasimama mpaka amalizwe. Wenye saluni wamenizoea, wananipa kiti." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Kuna kazi, Mama. Huku sina fundi ninayemwamini. Nusu ya fedha nimeituma, ni yangu mwenyewe, wao watanirudishia watakapojaliwa."

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Kezia hakuutazama. Alichomoa penseli sikioni, akavuta kipande cha mbao akakiweka mbele yake.

"Ni nani?"

"Bado hatujui."

"Basi niambie alivyo," Kezia akasema, na Frednand akaanza kumweleza, taratibu, kuanzia viatu.